Je, Wajua? Siku Vitu vya Ndani Vinapotoka Nje

Jumamosi, saa moja na nusu asubuhi, kwenye mtaa wa nyumba za familia huko Marekani, msimu wa joto. Mbele ya nyumba moja meza za kukunja zimesimamishwa juu ya nyasi. Kuna pasi, kuna sahani zisizo na wenzao, kuna baiskeli ya mtoto ambaye siku hizi anaendesha gari. Kila kitu kimebandikwa kipande cha karatasi ya gundi chenye bei iliyoandikwa kwa maka. Mwenye nyumba amekaa kwenye kiti cha plastiki, kibegi cha pesa kiunoni, kahawa mkononi. Hana fremu, hana cheti cha biashara ukutani, na kesho ukipita utakuta nyasi zimelala tu.

Kiswahili bado hakijaafikiana jina la shughuli hii. Mimi nitaiita gulio la nyumbani, kwa sababu lina tabia zote za gulio: lina siku yake, lina saa zake, na likikwisha limekwisha. Mwenyewe nimewahi kulijaribu mara moja, Tabata, Dar es Salaam, nikaumbuka. Nitafika huko.

Je, wajua kwamba "rummage", neno ambalo Waingereza na Wamarekani hulitumia kwa mauzo ya vitu vikuukuu kanisani, lilitoka melini? Asili yake ni Kifaransa, na lilihusu kupanga shehena ndani ya ngama ya chombo. Baadaye likaja kuhusu mizigo iliyokosa mwenyewe bandarini, ikauzwa palepale gatini kwa yeyote aliyetaka, na mwisho wa safari likatua kwenye meza za waumini. Sasa tazama neno letu. Mtumba ulikuwa furushi, mzigo uliofungwa, kabla haujawa koti la mtu wa Ohio aliyelichoka. Watu wawili wasiojuana, kila mmoja na bahari yake, wote wakaita kilichomo kwa jina la mzigo.

Je, wajua kwamba Wamarekani wengi huyaita mauzo haya kwa jina la gereji, na kwamba jina hilo limebeba historia nzima? Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, mamilioni ya familia zilihamia vitongoji vipya pembezoni mwa miji, nyumba moja familia moja, na nyingi zilikuwa na gereji. Viwanda navyo viliacha kutengeneza vifaru, vikarudi kwenye friji na mashine za kufulia. Gereji ikawa stoo, stoo ikajaa, gari likalala nje. Kufikia miaka ya 1970 kufungua mlango wa gereji na kuuza kilichomo ilikuwa desturi ya nchi nzima.

Na je, wajua kwamba gulio refu kuliko yote duniani lina urefu wa maili 690? Hizo ni kilomita 1,110 hivi, kama kutoka Dar es Salaam kukaribia Mwanza, na njia nzima kuna watu wameanika vyombo vyao kando ya barabara. Lilianza mwaka 1987 kwa wazo la Mike Walker, aliyekuwa mkuu wa kaunti ya Fentress, Tennessee. Tatizo lake lilikuwa lile ambalo mama lishe yeyote wa barabara ya zamani analijua: serikali imejenga njia kuu mpya, mabasi yamehama, na mji mdogo umebaki unatazama vumbi. Walker akataka wasafiri waachane na njia kuu wapite barabara namba 127, na akaona chambo cha kuwavuta kiko tayari ndani ya gereji za watu. Leo gulio hilo huanza Alhamisi ya kwanza ya Agosti na kumalizika Jumapili, kutoka Addison, Michigan, hadi Gadsden, Alabama, kupitia Ohio, Kentucky, Tennessee na Georgia. Wapo wanaokodi malori kwa ajili ya siku hizo nne. Wenye mashamba hukodisha viwanja kwa wachuuzi, makanisa huuza nyama choma, na anayetaka kitanda cha kulala mjini Jamestown, Tennessee, huwahi miezi kabla.

Lakini gulio la kawaida ni la nyumba moja, na hapo ndipo pana ufundi. Ukimsikiliza mtu aliyefanya mara tano au sita utagundua kwamba kuuza vitu vikuukuu kuna kanuni ngumu kama za duka la vipodozi Kariakoo.

Kanuni ya kwanza ni siku. Jumamosi, na ikiwezekana Jumamosi inayofuata mshahara, isiyoangukia sikukuu, maana sikukuu watu wako ziwani. Ya pili ni kibali. Miji mingi ya Marekani inadai kibali kidogo hata kwa gulio la siku moja, na mingi huweka kikomo cha mara ngapi kwa mwaka nyumba moja inaweza kufanya hivyo, ili mtu asijifanye anahama kila wiki kumbe amefungua duka lisilolipa kodi. Ya tatu inawakamata wengi: kubandika matangazo kwenye nguzo za umeme ni kosa katika miji mingi, kwa hiyo kibao kinasimamishwa kwenye mti wake chenyewe, kwenye kiwanja cha mtu aliyeombwa ruhusa.

Kuhusu kibao hicho nina la kusema, maana nimeona watu wakiandika risala. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa linameza mita 14 hivi kila sekunde. Dereva hana muda wa kusoma orodha yako ya vyombo. Anahitaji maneno mawili, mshale, na rangi moja kwenye vibao vyote ili ajue kwamba mshale wa kona ya pili ni ndugu wa ule wa kona ya kwanza. Sisi tuna mpiga debe. Wao wana boksi lililokatwa na maka nene.

Je, wajua kwamba wateja wa kwanza hufika kabla ya wateja? Tangazo likisema saa mbili, saa moja kasorobo kuna mwanamume amesimama kwenye nyasi na tochi. Huyo ni mlanguzi. Anafuata dhahabu, saa, zana za chuma za zamani, sahani za santuri, na anajua bei ya kila kimoja kuliko wewe unayeuza. Wenye uzoefu hufunika meza kwa mashuka hadi saa ya kufungua, au hukubali kumwuzia mapema kwa bei isiyopungua hata senti. Wengine humpenda, kwani pesa yake ni ya kweli na hana maneno mengi.

Zana za mafundi, yaani drili, misumeno na nyundo, pamoja na fimbo za kuvulia samaki, huwekwa karibu na barabara. Sababu yake inachekesha lakini ni ya kweli: mume aliyebaki kwenye gari injini ikinguruma ndiye anayewamaliza wateja. Akishuka kutazama msumeno, mkewe ana nusu saa nzima ya kupekua vyombo. Nguo hutundikwa kwenye henga badala ya kurundikwa, kwa kuwa shati lililotundikwa linauzwa kama shati na lililorundikwa linauzwa kama tambara. Waya mrefu wa umeme hutolewa nje hadi mezani, ili anayeuliza kama feni inafanya kazi ajibiwe na upepo. Na kabla ya yote hayo, mifuko ya kila suruali hukaguliwa, vitabu vyote hupeperushwa kurasa. Bibi aliyeficha noti ndani ya kitabu cha mapishi hayuko Marekani peke yake.

Bei nyingi huwa ni vigawe vya senti 25: 25, 50, 75, dola. Si kwa sababu kuna mtu amepiga hesabu ya faida, bali kwa sababu sarafu ya senti 25 ndiyo iliyojaa mifukoni, na hesabu inayofanyika kichwani haisimamishi foleni. Mwuzaji huenda benki Ijumaa kuchukua noti za dola moja na viroba vya sarafu. Asipofanya hivyo, mteja wa kwanza atachagua kikombe cha senti 50 kisha atoe noti ya dola 20. Unakumbuka sura ya konda ukimpa elfu kumi saa kumi na mbili asubuhi kwenye daladala? Ndiyo hiyo hiyo. Pesa zenyewe hukaa mwilini, si kwenye kijaluba juu ya meza, na mlango wa nyumba unafungwa kwa ufunguo hata kama mteja anaomba kujaribu gauni ndani. Hasa akiomba kujaribu gauni ndani.

Na pale panapohitajika akili zaidi, Wamarekani wamegundua upya kitu ambacho mama muuza nyanya wa Ilala anakijua tangu utoto: fungu. Kitabu kimoja cha dola moja kinakaa mezani mchana kutwa. Vitabu vinne kwa dola mbili vinaondoka. Saa ya mwisho hutangazwa "jaza mfuko kwa dola moja", na hapo mtu aliyekuwa anabishania senti 25 hujaza mifuko mitatu ya vitu asivyovihitaji, ambavyo mwakani atavitoa kwenye gulio lake mwenyewe.

Sasa nifike Tabata.

Mwaka 2019 tulikuwa tunahamia Dodoma, na lori lilikuwa halina nafasi ya kila kitu. Tukatoa nje kabati la vyombo lenye vioo, feni mbili, kochi la watu watatu, ndoo, masufuria na chupa za chai za harusi ambazo hazijawahi kutoka kwenye maboksi yake. Nilifanya kosa la kila aina. Nilianza saa tano wakati jua limeshapamba moto. Sikubandika bei, nikiamini kwamba mtu akipenda kitu atauliza. Kumbe anayeona haya hapiti hata karibu. Chenji sikuwa nayo. Kibao sikuweka, kwa hiyo wapita njia wengine walidhani tumetolewa vitu nje na mwenye nyumba, wakanipa pole.

Kabati nililitengenezesha kwa mafundi wa Keko kwa shilingi 480,000. Nikasema 350,000. Jirani yetu, mama mmoja ambaye miaka yote alilisifia, akalizunguka, akafungua milango, akapitisha kidole kwenye ubao wa pembeni. Pale palikuwa na mistari ya penseli, urefu wa binti yetu kuanzia alipokuwa na miaka mitatu, kila mstari na tarehe yake.

"Jirani," akaniuliza, "hizi alama zinafutika?"

Nilijibu kwamba zinafutika. Akasema atatoa 180,000. Nikakataa kwa sauti ambayo nadhani ilikuwa kali kidogo, naye akaaga kwa adabu. Jioni, lori limeshawashwa, nililiuza kwa 110,000 kwa kijana wa guta ambaye hakulitazama hata upande huo wa ubao.

Je, wajua kwamba ugonjwa ule wa kukipandishia bei kitu kwa sababu tu ni chako umepimwa? Mwaka 1990 Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler walichapisha majaribio waliyofanya kwa vikombe vya kahawa. Wanafunzi wengine waligawiwa vikombe wawe navyo, wengine hawakugawiwa, kisha wakaachwa wauziane. Waliogawiwa walitaka kama dola 5 ndipo waachie. Wasiogawiwa hawakuwa tayari kufika hata dola 3. Na hao wenye vikombe hawakuwa wamezaliwa navyo. Walikuwa wamevipokea muda mfupi tu kabla ya soko kufunguliwa. Kahneman alipata Tuzo ya Nobeli ya uchumi mwaka 2002, Thaler mwaka 2017. Mimi nilipata 110,000. Kama vikombe vya muda mfupi vinapandishwa bei mara mbili kwa kushikwa tu, basi kabati lenye miaka minane ya mtoto lilikuwa halina namna. Jirani alikuwa ananunua mbao na vioo. Mimi nilikuwa namtoza na penseli.

Ndiyo maana wajuzi wa magulio hutoa shauri linaloonekana la ajabu: kazi ya kubandika bei mpe mtu mwingine. Mpwa, rafiki, jirani wa nyumba ya tatu. Yeyote ambaye hakuwepo kwenye harusi.

Upande wa pili wa ugonjwa huo ni mtu anayeuza bila kujua alichonacho, na hapa hadithi ni tamu. Mwaka 2007 familia moja ya jimbo la New York ilinunua kibakuli cheupe kwenye gulio la nyumbani kwa dola 3. Mdomo wake haufiki sentimita 14. Wakakiweka kwenye rafu sebuleni kikakaa miaka kadhaa kikipanguswa vumbi pamoja na mapambo mengine, mpaka walipoanza kujiuliza wakakipeleka kwa wataalamu. Kilikuwa kibakuli cha Ding, kazi ya wafinyanzi wa China wa enzi ya Song ya Kaskazini, chenye umri wa miaka kama elfu moja. Mwenzake wa umbo na ukubwa ule aliyejulikana alikuwa mmoja tu, naye yuko British Museum, London. Sotheby's ya New York ilikipiga mnada Machi 2013 ikitarajia dola 200,000 hadi 300,000. Mnunuzi alilipa dola 2,225,000. Magazeti yaliandika sana kuhusu bahati ya familia ile. Mimi humfikiria yule aliyeketi kwenye kiti cha plastiki siku ile ya 2007, aliyesema tatu, na pengine alikuwa tayari kushuka hadi mbili.

Mwaka 1989 mtu alitoa dola 4 kwenye soko la vitu vikuukuu huko Adamstown, Pennsylvania, kununua picha mbaya iliyokuwa kwenye fremu nzuri. Nyuma ya picha kulikuwa na nakala ya Tangazo la Uhuru wa Marekani kutoka chapa ya kwanza kabisa ya Julai 1776. Mwaka 1991 iliuzwa kwa dola milioni 2.42. London, katika miaka ya 1980, mama mmoja alinunua pete yenye jiwe kubwa kwa pauni 10 kwenye gulio la vitu vikuukuu, akaivaa miaka 30 hivi akipika na kwenda sokoni, akiamini ni jiwe la bandia. Ilikuwa almasi ya karati 26. Juni 2017 iliuzwa kwa pauni 656,750.

Ninayempenda zaidi, hata hivyo, ni mfanyabiashara wa vyuma chakavu wa katikati ya Marekani aliyenunua yai dogo la dhahabu kwa karibu dola 14,000, akapanga kuliyeyusha. Alilizungusha kwa wanunuzi wa dhahabu, wote wakamwambia amelipa bei kubwa mno. Kwa sababu ya hasara hiyo yai likanusurika. Lilikuwa moja ya mayai ya Fabergé yaliyotengenezewa familia ya mfalme wa Urusi, lililokuwa limepotea miongo mingi, na mwaka 2014 lilionyeshwa London kwa umma. Mara moja kwenye historia kulanguliwa kukawa na faida.

Je, wajua kwamba mtu anayeuza kitanda cha mtoto mbele ya nyumba yake Marekani anaweza kuwa anavunja sheria ya shirikisho? Sheria ya usalama wa bidhaa ya mwaka 2008 inakataza kuuza bidhaa yoyote iliyotangazwa irudishwe kwa sababu ya hatari, na haitofautishi duka kubwa na babu mwenye meza moja. Vitanda vya watoto vyenye ubavu unaoshushwa vilipigwa marufuku moja kwa moja Juni 2011, baada ya watoto zaidi ya 30 kunaswa humo na kufa. Kodi ya mapato, kwa upande wake, haiwasumbui wengi. Kochi ulilonunua kwa dola 600 ukaliuza kwa 40 halijakupa faida, kwa hiyo serikali haidai kitu. Wala haikufuti machozi: hasara hiyo huruhusiwi kuipunguza kwenye kodi yako.

Uholanzi wao wamechagua siku moja, nchi nzima inauza. Ni Aprili 27, sikukuu ya kuzaliwa kwa mfalme. Kabla ya mwaka 2014 ilikuwa Aprili 30, enzi za malkia. Siku hiyo yeyote anaruhusiwa kuuza vitu vyake barabarani bila kibali. Siku chache kabla, njia za miguu mjini Amsterdam huonekana na mistari ya chaki na ya utepe wa gundi, na ndani ya mraba limeandikwa neno moja la Kiholanzi lenye maana ya "pameshachukuliwa". Watoto hupewa bustani ya Vondelpark. Wanauza vinyago vyao, na asiye na vinyago hupiga fidla, kwa ufundi wowote alionao, kopo likiwa chini.

Lille, kaskazini mwa Ufaransa, wana gulio la wikiendi ya kwanza ya Septemba lenye mizizi katika karne ya 12. Masimulizi ya mji yanasema zamani watumishi waliruhusiwa mara moja kwa mwaka kuuza nguo na vyombo ambavyo mabwana zao hawakuvitaka tena. Siku hizi wanakuja watu milioni mbili hivi, na migahawa hushindana kwa rundo la makombe ya kome yanayotupwa mlangoni baada ya kuliwa. Mwenye kichuguu kirefu ndiye bingwa. Mwaka 2016 halikufanyika kwa hofu ya usalama, baada ya shambulio la kigaidi mjini Nice.

Hata sanaa imelipa gulio nafasi: msanii Martha Rosler aliwahi kufanya gulio la nyumbani ndani ya ukumbi wa sanaa wa chuo kikuu San Diego mwaka 1973, na tena mwaka 2012 ndani ya MoMA, New York. Vitu viliuzwa kweli, na watu walipatana bei kweli.

Kwetu kwa nini gulio la nyumbani halikuota mizizi? Nadhani ni kwa sababu kitu chetu hakizeeki bila mrithi. Kochi linamngoja mdogo wako aliyepanga chumba Mbagala. Friji inakwenda kwa mama kijijini siku umeme unapofika. Nguo za mtoto zinalala sandukuni zikimsubiri mtoto wa binamu ambaye bado hajaolewa. Kumwuzia ndugu pasi kuukuu? Utasemwa kikao hadi kikao. Anayeuza vitu vya ndani, kwa macho ya mtaa, ama anahama ama amefilisika, na mimi pale Tabata nilipewa pole za vyote viwili. Siku hizi "nahama, nauza vitu vyote" imehamia kwenye status za WhatsApp, ambako angalau hakuna anayekuona umekaa na ndoo zako. Wageni wa balozi na mashirika huko Masaki, Dar es Salaam, au Gigiri, Nairobi, nao huuza wakimaliza mkataba, na majirani huwahi. Ila kitu kilichoingia nchini bila ushuru kikiuzwa kwa mtu asiye na msamaha huo, forodha wana haki ya kukumbuka.

Lakini tusijidanganye kwamba gulio la Mmarekani halituhusu. Saa nane mchana meza zinakunjwa. Kilichobaki hakirudi ndani, hiyo ni kanuni ya chuma, maana kikirudi kitakaa miaka mingine kumi. Kinapakiwa kwenye gari kwenda kwa mashirika ya hisani kama Goodwill, lililoasisiwa Boston mwaka 1902. Huko hutundikwa dukani. Kisipouzwa kinashushwa kwenye maduka ya mwisho, ambako watu hupekua mapipa na kulipa kwa uzito. Na ambacho hata hapo hakikupata mtu, kama ni nguo, kinauzwa kwa tani kwa wachambuzi, kinabanwa na mashine, kinafungwa robota la kilo 45, na robota linapanda meli. Mombasa. Dar es Salaam.

Ni biashara kubwa kiasi cha kugombanisha mataifa. Rwanda ilipopandisha ushuru wa nguo za mitumba mwaka 2016 kutoka senti 20 hadi dola 2.50 kwa kilo, chama cha wafanyabiashara wa nguo hizo Marekani kilipeleka malalamiko kwa serikali yao, na mwaka 2018 nguo za Rwanda zikaondolewa kwenye msamaha wa ushuru wa AGOA, sheria ya Marekani kuhusu bidhaa za Afrika.

Robota likifunguliwa Gikomba, Nairobi, zile nguo safi za kwanza zinaitwa kamera na zinagombewa kabla hazijagusa chini. Za mwisho, zilizobaki baada ya macho yote kupita, zinaitwa fagia. Saa ya mlanguzi mwenye tochi na saa ya jaza mfuko, zote mbili, zimevuka bahari zikapewa majina mapya.

Miezi michache baada ya kufika Dodoma, nilikuwa nachagua koti kwenye meza ya mitumba, maana baridi ya Juni huko nilikuwa siijui. Nikapata moja zito, zipu nzima, bitana haijachanika. Kijana akasema elfu kumi na tano. Nikaligeuza ndani nikatazama kwenye lebo, na pale nikakuta kipande cha karatasi ya gundi kimekauka kama ngozi, kimeandikwa kwa maka kwa mkono wa mtu ambaye nilimwona kabisa na kahawa yake: alama ya dola, na namba mbili.

Nikamwonyesha. "Kaka, hili koti liliuzwa dola mbili, na hata kwa bei hiyo walilikataa."

Akalichukua, akalisogeza kwenye mwanga, akaisoma ile alama kwa utulivu wa mtu aliyesoma nyingi.

"Hiyo saizi, mzee. Esi, namba mbili. Jaribu uone."

Likanikaa. Nikalipa elfu kumi na mbili.